Kaskazi, Kusi na Saa Tano

Kutoka Unguja hadi Maskati, kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ni takriban kilomita 3,900. Ndege iendayo moja kwa moja huzikata kwa saa tano au zaidi kidogo. Abiria aondokaye Unguja saa 4 asubuhi, akasafiri saa tano, hukuta saa za Maskati zikionyesha saa 10 alasiri, kwani Omani imeitangulia Zanzibar kwa saa moja. Akirudi kwa mwendo uleule, akaondoka tena saa 4 asubuhi, hutua saa 8 mchana. Atazamaye saa za ukutani peke yake atadhani kwenda ni mbali kuliko kurudi.

Mabaharia wa zamani wangemwelewa. Umbali wao ulikuwa wa pepo. Jahazi liliteremka na kaskazi, baina ya Desemba na Machi, likapanda na kusi ianzayo Aprili; na upepo ulipokuwa mwema, safari ilichukua wiki tatu au nne. Juu ya wiki hizo kulikuwa na kungoja. Aliyetia nanga Januari hakuwa na njia ya kurudi kabla ya kusi. Katika miezi hiyo aliuza tende na papa mkavu, akanunua boriti na karafuu, akakopa na kukopesha, akaoa, akajifunza lugha ya wenyeji. Undugu wa pwani hizi mbili ulizaliwa zaidi katika kungoja kuliko katika kusafiri.

Majahazi hayo yalibeba watumwa pia. Kwa aliyefungwa ngamani, Maskati haikuwa na idadi ya siku, maana safari huhesabiwa na mwenye tamaa ya kurejea.

Hata mwenye enzi bahari ilimshinda. Sayyid Said bin Sultan, aliyezitawala pwani zote mbili, alifia safarini karibu na Shelisheli mnamo Oktoba 1856, akitoka Maskati kurudi Unguja. Mwaka 1861 dola yake ikagawanywa mbili.

Karne iliyofuata umbali ukapata kipimo kingine, nacho ni ruhusa. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwaua wengi na kuzitawanya familia. Nayo Omani haikuufungua mlango wake hata Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 na kuwaita waliokuwa ughaibuni. Mama aliyebaki Unguja na mwanawe aliyehamia Maskati walitengwa na bahari ileile ya siku zote. Kaskazi ilivuma kwa majira yake, wala haikumleta mtu.

Leo mlango u wazi, na Kiswahili chasikika majumbani na madukani Maskati. Mgeni huja Ijumaa akaondoka Jumapili, hata jirani asijue kwamba alikuja. Lakini liko jambo moja ambalo ndege haijaliweza. Simu ya alfajiri huleta habari ya msiba, na maiti wa Kiislamu hacheleweshwi. Maziko ni baada ya adhuhuri, au alasiri ikizidi. Tiketi haijakatwa, na ndege ya siku hiyo huenda haipo. Saa tano ni chache, nazo hazitoshi. Kaburi hufukiwa mwana angali Maskati. Na usiku hitima husomwa pwani zote mbili.