Ujira Si Fadhila

Wengi wanaokikumbuka kisa cha Donald Sterling hukumbuka matusi yake. Mwishoni mwa Aprili 2014 ilivuja sauti ya mzee huyo, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Clippers, akimkemea rafiki yake wa kike kwa kuonekana hadharani na watu weusi, na kumtaka asiwalete kwenye mechi zake, hata kama ni gwiji Magic Johnson. Dunia ilishtuka, na ilistahili kushtuka.

Mimi hukikumbuka kisa hicho zaidi kwa sehemu nyingine ya mazungumzo yaleyale. Mwanamke yule alimkumbusha kwamba karibu timu yake yote ni ya watu weusi. Sterling akajibu kwamba yeye ndiye anayewategemeza: anawapa chakula, nguo, magari na nyumba, nani mwingine anawapa? Kisha akauliza, kwa hasira ya mtu anayeona jambo liko wazi, kama ni yeye anayeufanya mchezo au ni wao, na kama si wamiliki thelathini walioiunda ligi.

Tusi lilihukumiwa ndani ya siku nne. Swali halikuhukumiwa hata siku moja. Ninaamini kwamba swali lile ndilo linalopaswa kutushughulisha zaidi, kwa sababu linawahusu watu wengi ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu.

Tumtazame kwanza muulizaji. Sterling alikuwa wakili aliyetajirika kwa kununua majengo ya kupangisha jijini Los Angeles. Mwaka 1981 aliinunua Clippers, wakati huo ikiwa San Diego, kwa dola milioni 12.5. Mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilimshtaki kwa kuwabagua wapangaji weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na familia zenye watoto. Mwaka 2009 alikubali kulipa dola milioni 2.725 kumaliza shauri hilo, bila kukiri kosa. Hapo hapakuwa na maneno ya faraghani yaliyovuja. Palikuwa na madai rasmi ya serikali kwamba watu wamenyimwa paa la kulalia kwa sababu ya rangi zao. Ligi haikumchukulia hatua yoyote. Mwaka huohuo tawi la Los Angeles la chama cha NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, lilimpa tuzo, na mwaka 2014 lilikuwa limejiandaa kumtunuku tena, hadi sauti ilipovuja.

Kwa hiyo ubaguzi wake ulijulikana kwa miaka mingi. Kilichobadilika mwaka 2014 ni kwamba waliotukanwa walikuwa na uwezo wa kusimamisha kazi katikati ya msimu wa mtoano. Tarehe 27 Aprili, kabla ya mechi dhidi ya Golden State Warriors, wachezaji wa Clippers walivua koti zao za mazoezi na kuzitupa katikati ya uwanja, wakabaki na fulana walizozigeuza nje ndani ili jina la timu lisionekane. Mmoja wao, Chris Paul, ndiye aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji. Wadhamini wakaanza kukimbia. Viongozi wa chama wakaweka wazi kwamba wachezaji wa timu kadhaa walikuwa tayari kugoma. Tarehe 29 Aprili kamishna Adam Silver alimfungia Sterling maisha na kumtoza faini ya dola milioni 2.5, kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa na katiba ya ligi.

Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini hesabu ya mwisho inafundisha kuliko shangwe. Mkewe, kwa niaba ya amana ya familia, aliiuza timu kwa Steve Ballmer, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Microsoft, kwa dola bilioni 2. Hiyo ni mara 160 ya bei ya kununulia. Faini ile ilikuwa sawa na senti kumi na mbili na nusu kwa kila dola mia za mauzo. Mtu aliyetangazwa kuwa hafai kukaa kwenye uwanja wa mpira aliondoka na familia yake ikiwa tajiri kuliko alivyoingia, na thamani ile ilikuwa imejengwa kwa kiasi kikubwa na miguu, mikono na magoti ya watu aliodai kuwalisha.

Nilipokisimulia kisa hiki katika somo langu la uchumi wa kazi, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, mtu anayelipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, sisi tumhurumie kwa lipi?" Darasa zima lilicheka. Lilikuwa swali la haki, na nilimjibu kwamba hapa hatuombwi huruma. Tunaombwa kufikiri. Mchezaji wa kiwango kile ni fundi ambaye hana mbadala. Hapatikani mwingine kwa kutangaza nafasi gazetini. Ana chama chenye nguvu, na kazi yake inatazamwa na mamilioni. Ikiwa fundi wa namna hiyo anaweza kuambiwa na mwajiri wake kwamba analishwa na kuvishwa, ataambiwa nini fundi ambaye kazi yake haionekani, na ambaye mashine au mji mwingine unaweza kuchukua nafasi yake?

Jibu tunalipata kule alikotoka mnunuzi mpya wa timu, jimbo la Washington. Miezi mitatu na ushee kabla ya sauti ya Sterling kuvuja, mafundi mitambo wa kampuni ya Boeing katika jimbo hilo walipiga kura juu ya mkataba. Kampuni iliwaambia kwamba ndege mpya ya 777X ingeweza kuundwa kwingine ikiwa hawatakubali kuachana na pensheni yao ya jadi, ile inayomhakikishia mstaafu kiasi maalumu kila mwezi hadi kufa. Novemba 2013 walikataa kwa theluthi mbili ya kura. Tarehe 3 Januari 2014 waliitwa tena kupiga kura, na safari hii mkataba ukapita kwa asilimia 51. Wakati huohuo jimbo lilikwisha kuipa kampuni nafuu ya kodi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 8.7 hadi mwaka 2040. Hawa ni watu wanaounda ndege kwa mikono yao, ufundi ambao huchukua miaka kuupata. Mwaka 2024 mafundi wapatao 33,000 waligoma kwa zaidi ya siku hamsini. Walipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 38 kwa miaka minne, lakini pensheni haikurudi.

Turudi California, jimbo la Sterling mwenyewe. Siku moja kabla ya sauti yake kutoka, kampuni za Apple, Google, Intel na Adobe zilifikia makubaliano ya kumaliza kesi iliyofunguliwa na wahandisi na wafanyakazi wao wapatao 64,000. Madai yalikuwa kwamba wakubwa wa kampuni hizo walikuwa wamekubaliana kwa siri wasichukuliane wafanyakazi, ili mishahara isipande kwa ushindani. Jaji alikikataa kiasi cha kwanza akiona ni kidogo mno, na mwaka 2015 kesi ikamalizika kwa dola milioni 415, yaani wastani wa takriban dola 6,500 kwa kila mmoja kabla ya kuondoa gharama za mawakili. Hakuna aliyefungiwa maisha. Hakuna aliyelazimishwa kuuza hisa zake.

Ukiviweka visa hivi vitatu pamoja unaona wazo moja: kwamba mwenye mali ndiye chanzo cha thamani, na mwenye ujuzi ni mpokeaji. Wazo hili limepata nguvu kadiri vyama vya wafanyakazi vilivyodhoofika. Mwaka 1983 mfanyakazi mmoja kati ya watano nchini Marekani alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mwaka 2014 walibaki asilimia 11.1. Hata wachezaji wa NBA hawakusalimika. Mwaka 2011 wamiliki waliwafungia milango kuanzia Julai hadi Desemba, na mapato yanayokwenda kwa wachezaji yakashuka kutoka asilimia 57 hadi karibu nusu.

Sheria ya kodi nayo imelikubali wazo hilo. Anayenunua timu ya michezo Marekani anaruhusiwa kuipunguza karibu bei yote aliyolipa kutoka mapato yake yanayotozwa kodi, kidogo kidogo kwa miaka 15, kana kwamba timu ni mashine inayochakaa, ingawa thamani yake hupanda. Mwaka 2021 shirika la habari la ProPublica lilionyesha kwamba kwa mwaka 2018 Ballmer alilipa kodi ya serikali kuu kwa kiwango cha asilimia 12, mchezaji LeBron James asilimia 35.9, na mhudumu wa vyakula katika uwanja uliotumiwa na Clippers, aliyepata kama dola 45,000 tu, asilimia 14.1. Kinachochakaa kweli ni goti la mchezaji na mgongo wa mhudumu, na hivyo havina punguzo la kodi.

Wapo watakaosema ninaifuta rangi na kuweka tabaka mahali pake. La hasha. Mwaka 2014 Sterling asingeweza kuzungumza kwa lugha ya kulisha na kuvisha watu wazima wenye mikataba halali kama hiyo lugha isingekuwa ya kale, lugha ya bwana wa shamba kwa watumwa wake. Rangi ilimrahisishia kuona kazi ya wengine kama mali yake. Ubaya ni kwamba lugha hiyo, ikishazoeleka juu ya watu weusi, haiishii kwao. Fundi mzungu wa Boeing ambaye hakuwahi kubaguliwa kwa rangi yake alijikuta akiambiwa, kwa maneno ya adabu zaidi, ashukuru kwamba kazi bado ipo.

Nasi tuitazame lugha yetu. Katika Kiswahili cha kila siku mwajiri huitwa "tajiri". Dereva wa daladala husema ana hesabu ya tajiri. Msaidizi wa duka husema tajiri hajafika. Katika soka letu mtu mwenye fedha anayeigharimia klabu huitwa "mfadhili", neno lililozaliwa na fadhila. Ni maneno ya heshima, na sisemi tuyatupe. Lakini yanabeba fikra ileile: kwamba anayelipa anatoa hisani, na anayelipwa ana deni la shukrani. Niliwahi kufundisha kwa mkataba katika chuo kimoja ambapo malipo yetu yalichelewa kwa miezi minne. Tulipoandika barua, jibu lilitukumbusha kwamba wapo wengi wanaoitamani nafasi ile. Hatukuulizia nafasi, tuliulizia ujira wa kazi tuliyokwisha kuifanya. Aliyeandika jibu lile hakuwa mbaguzi wala mtu mbaya. Aliamini tu, kama wengi wanavyoamini, kwamba kutulipa ni kututendea wema.

Ndiyo maana nawasihi wasomaji wangu, hasa ninyi mtakaokaa kwenye meza za kuandika mikataba, sera na bajeti. Kashfa ya tajiri inapozuka, tulaani tusi bila kusita, kisha tuendelee kuuliza maswali ambayo kamera hazina subira nayo: thamani hii ilijengwa na nani, inagawanywaje, nani anapunguziwa kodi na nani anapunguziwa pensheni. Na anapokuja mfanyakazi kudai stahiki yake, mwalimu, muuguzi au fundi wa umeme, tusimpokee kama mwombaji. Kazi imekwisha kufanyika. Kilichobaki ni kulipa.