Mji wa Udaipur na Maziwa Yake

Mtu asikiaye habari za Udaipur, mji wa maziwa, hudhani kwamba umo katika nchi ya mvua nyingi na mito isiyokauka. Sivyo kabisa. Mji huo uko katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, jimbo ambalo sehemu yake kubwa ni jangwa. Mvua hunyesha tangu Juni hadi Septemba, nayo kwa mwaka mzima hupata milimita 600 na kidogo tu. Maziwa yanayousifisha mji hayakuwapo tangu asili. Yalifanywa na watu, kwa kuziba mabonde kwa kuta, na bila ya kazi ile mji usingalisimama.

Ziwa la kwanza, Pichola, lilianza katika karne ya 14. Inasemwa kwamba aliyeliziba si mfalme, bali ni mtu wa kabila la Banjara, watu wa kuhamahama waliokuwa wakichukua nafaka kwa makundi ya ng'ombe. Alitaka njia ya kuvushia wanyama wake na mizigo yao, akajenga ukuta katika kijito. Maji yakakusanyika nyuma yake.

Miaka mingi ikapita kabla ya kuja mwenye mji, Udai Singh, mfalme wa Mewar. Maisha ya mtu huyu yalinunuliwa kwa bei kubwa. Yapata mwaka 1536, alipokuwa mtoto, jamaa yake aitwaye Banvir alinyakua kiti cha enzi huko Chittor, akaja usiku na upanga ili amwue mrithi. Yaya wa mtoto, jina lake Panna, alikwisha kupata habari. Alimficha mwana wa mfalme ndani ya kapu, akamtoa nje ya ngome, kisha akamlaza mtoto wake mwenyewe katika kitanda kile. Banvir alipouliza, Panna alinyosha kidole tu. Mwanawe akauawa mbele ya macho yake. Watu wa Mewar humtaja yaya huyo hata leo kwa heshima ile ile wanayowapa wafalme.

Udai Singh alipokua alirudishiwa kiti chake. Lakini Chittor ni ngome iliyo juu ya kilima kilichosimama peke yake katikati ya uwanda, na adui mwenye jeshi kubwa aweza kukizunguka na kungoja. Mwaka 1559 mfalme alianza kujenga mji mpya kando ya Pichola, katika bonde lililozungukwa na milima pande zote, akaukuza ukuta wa yule Banjara ili ziwa lipanuke. Hekaya husema kwamba alikuwa katika mawindo alipomkuta mtawa, naye akamwonyesha mahali pa kujenga. Huenda ikawa kweli. Lakini mtu aliyekwisha kuona ngome ikizingirwa hahitaji mtawa kumweleza faida ya milima na maji. Akbar, mfalme wa Mamogoli, aliuzingira Chittor mwezi wa Oktoba 1567, akauteka Februari 1568. Udai Singh alikuwa amekwisha kwenda milimani, na kwa ajili hiyo waandishi wengi wamemwita mwoga, hasa wakimlinganisha na mwanawe Pratap, aliyepigana na jeshi la Akbar huko Haldighati mwaka 1576. Hukumu hiyo ni kali mno. Chittor ulibaki magofu. Mji wa yule mwoga ungali na watu.

Baada ya mapatano na Mamogoli ya mwaka 1615, wafalme walipata nafasi ya kujenga. Jumba kuu la mji, lenye ukuta mrefu wa mita zipatazo 240, lilijengwa na wafalme wengi, kila mmoja akiongeza sehemu yake. Ndani ya ziwa lenyewe yako majumba mawili juu ya visiwa. Katika Jag Mandir alihifadhiwa Shah Jahan katika miaka ya 1620, alipokuwa amemwasi baba yake. Na mwaka 1857 wanawake na watoto wa Kizungu waliokimbia maasi ya askari walipewa kimbilio pale pale. Jumba la pili ni jeupe, la karne ya 18, nalo huonekana kana kwamba linaelea. Tangu mwaka 1963 limekuwa hoteli.

Hata hivyo, kazi ya maana zaidi haikuwa majumba. Katika karne ya 17, Raj Singh aliziba mto kaskazini ya mji, likapatikana ziwa la Rajsamand, na wakati wa njaa watu walipata riziki kwa kazi ile ya kuchimba na kubeba mawe. Historia yake imechongwa juu ya mawe makubwa 25 ukutani. Mwanawe, Jai Singh, alifanya Jaisamand, ziwa kubwa kupita yote. Fateh Sagar, lililo kando ya mji, lilijengwa upya na Fateh Singh mwishoni mwa karne ya 19.

Lakini ziwa lililofanywa na mtu hutegemea mvua kuliko yeye ajuavyo. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 mvua zilipokosekana miaka kadhaa, Pichola ilikauka. Ng'ombe walichunga katika sakafu ya ziwa, watoto wakacheza mpira, na jumba jeupe likasimama juu ya udongo uliopasuka. Milima iliyozunguka ilikuwa imepunguzwa miti, na maji machafu ya mji yalikuwa yakiingia ziwani. Tangu hapo handaki limetobolewa milimani ili kuleta Pichola maji yaliyokuwa yakishuka upande wa Gujarat.

Mvua zikiwa njema, Pichola hujaa na maji yake hupita kwa mfereji hadi Fateh Sagar. Fateh Sagar nalo likifurika, malango ya ukuta hufunguliwa, na watu wa mji, wazee kwa watoto, hutoka makundi makundi kwenda kutazama maji yakimwagika.