Safari ya Dawa Kutoka Siyu

Msafiri atokaye Lamu kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji baina ya Manda na bara. Huko bahari ndiyo iamuayo saa ya safari; maji yakipwa, chombo husubiri. Akishukia Mtangawanda hushika njia ya kwenda Siyu, mji uliosifika kwa maulamaa, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi.

Tulikwenda huko kwa darsa. Baada ya swala ya alasiri alitujia mama mmoja. Mwanawe, mvuvi, alikuwa halali usiku na akisikia sauti wasizozisikia wenziwe. Alitibiwa mbali akatulia, lakini vidonge vilipokwisha, nauli ya kurudi haikupatikana. Sasa jamaa wanataka afungwe kamba. Akatuuliza: “Sheikh, asomewe au arudishwe hospitali?”

Tukamjibu: “Vyote viwili, mama.”

Kisomo ni shifa na faraja, wala hakimkatazi mgonjwa kidonge. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kilichokusanya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Na mjini Aleppo, mwaka 1354, ilijengwa maristani ya Arghun, walimotunzwa wagonjwa wa akili. Basi asiyetaka tiba hii asiseme ni ugeni katika dini yetu.

Tulimwelekeza aanzie karibu, hospitali ya Faza, kisiwani humo humo. Achukue pakiti tupu za dawa na cheti cha mwanzo. Aulize mambo matatu: dawa hizi zapatikana hapa au Lamu? Daktari wa maradhi ya akili aweza kushauriwa kwa simu? Nani kijijini atamfuatilia kijana? Dawa isikatizwe bila ya idhini ya tabibu. Na akitaja kujiua, asiachwe peke yake, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kamba haiponyi, humjeruhi na kumwondolea heshima aliyopewa na Mola wake.

Lililobaki ni nauli, nalo ni letu sote. Misikiti yetu mingi huweka akiba ya sanda. Tunaomba karibu nayo iwekwe akiba ya nauli ya wagonjwa, kwani aliye hai naye ana haki juu yetu.