Kilo 35 za chumvi kwa puju mmoja

Ukitaka kufuga samaki aitwaye puju Hamburg, anza na chumvi. Tangi la lita 1000 linakula kilo 35 za chumvi ya akwaria, tena ukoroge kwenye maji yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu. Kila wiki unatoa lita 100 na kutia mapya, na hapo kilo nyingine tatu na nusu zimekwenda. Bado pampu za kuleta mkondo, hita ya kushikilia nyuzi 25, mashine ya kutoa povu chafu, na taa. Na kabla ya yote hayo ujue kama sakafu ya sebule itabeba zaidi ya tani moja.

Jirani yangu, mzee mstaafu, ameyafanya yote haya, nami namheshimu kwa hilo. Puju wake ni yule ambaye wanasayansi humwita Naso elegans: mdomo wa rangi ya chungwa, na visu viwili vya rangi hiyohiyo kila upande wa shina la mkia, vinavyoweza kumchana mvuvi kiganja. Kila asubuhi mzee hubana kwenye kioo karatasi ya mwani mkavu, ule ambao Wajapani hufungia wali. Puju huja mbio, huuma ncha, hutikisa kichwa mpaka kipande kikatike. Alipomnunua alimtenga wiki kadhaa kwenye tangi dogo, kwa sababu jamii ya puju na kangaja hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe. Uangalizi wa namna hii, samaki mmoja kuangaliwa ngozi kila siku, sijawahi kuuona kwetu Kilifi.

Lakini kaa mbele ya tangi lile nusu saa. Puju anakwenda mita mbili, anafika kioo, anageuka. Anakwenda tena, anageuka. Dukani aliuzwa akiwa wa ukubwa wa kiganja, na muuzaji hakumwambia mzee kwamba samaki huyu hufika sentimita 45, wala kwamba baharini huambatana na wenzake ukingoni mwa mwamba. Kumwongezea wenzake haiwezekani: nafasi ni finyu, na wakigombana, visu vile vitafanya kazi na anayeshindwa hana pa kukimbilia. Kwa hiyo amepewa joto, chumvi, chakula na tiba, akanyimwa mwendo na kundi. Kwangu mimi hilo ni kubwa mno, na siwezi kumshauri mtu amfuge.

Nyumbani hatumfugi. Tunamjua akiwa wa kupaka, na nazi nzito, na hilo silioni kuwa kosa. Kosa ni juya, lililopigwa marufuku Kenya tangu 2001 na bado linavutwa, likikokota wakubwa na vifaranga pamoja. Puju ana kazi kule mwambani. Hula mwani wa kahawia wenye majani, ambao walaji wengine wengi huuacha. Akiondolewa, mwani husimama mrefu na matumbawe machanga hukosa pa kushika. Baada ya bahari kupata joto kali mwaka 1998 na matumbawe mengi ya pwani yetu kufa, kazi hiyo ndiyo iliyohitajika kuliko zote. Mzee wa Hamburg huifanya mwenyewe, kwa kikwaruzo cha sumaku, kioo baada ya kioo.

Ufugaji ninaoutaka mimi uko Kuruwitu, kwetu Kilifi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wa huko, baada ya kuona samaki wanaadimika, walikubaliana wenyewe kufunga takriban hekta 30 za bahari yao. Fikiria mvuvi aliyelala bila kitoweo anavyokubali jambo hilo. Samaki walirudi, wakakua, wakavuka mpaka na kuingia kwenye mitego halali ya nje. Mwaka 2017 jumuiya hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Hakuna pampu wala hita pale. Kuna walinzi wa kijiji wanaohitaji mafuta ya boti na posho, na sisi tulio Ulaya tunaweza kuchangia bila kuumia.

Mzee ameniuliza aende Kuruwitu lini. Nimemwambia kaskazi, kati ya Januari na Machi, maji yanapokuwa matulivu na safi, achukue miwani ya kupigia mbizi na kumlipa mwongozaji wa palepale.