Kijana, Kijiweni Hakuna Bosi wa Kukufundisha

Leo naomba tuache kidogo mbolea na viwavi, tuzungumze kuhusu watu.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na kijana mmoja. Amemaliza chuo cha kilimo, ajira bado, akaamua kujiunga na wabebeshaji wa miche ya parachichi, wale wanaokaa kijiweni wakisubiri wenye vitalu waje kuwachukua. Alikuwa na hasira. Akaniambia, "Kaka, huu mwezi wa pili sasa. Wale watu ni wachoyo, hawafundishi mtu." Nikamuuliza akifika asubuhi huwa anafanya nini. Akasema anasalimia, anauliza kama kuna kazi, wakisema hakuna anakaa pembeni anachezea simu mpaka saa sita, kisha anaondoka.

Nilicheka, ila sikumcheka yeye. Nilijiona mimi wa mwaka 2014.

Mwaka ule nilishuka Tukuyu na begi moja. Mimi ni mtu wa Singida, nimesoma stashahada ya kilimo, na Kinyakyusa nilichokijua ni salamu tu. Ajira za serikali nilizisubiri miaka mingi kuliko nilivyodhani. Jamaa niliyesoma naye akaniambia Rungwe watu wanahangaikia miche ya Hass, kila mwenye shamba anataka, na mtu anayejua kubebesha hakosi hela ya kula. Nikaenda. Kijiwe kilikuwa nyuma ya banda la chai. Walikuwa watu kumi na mmoja, wengi wao darasa la saba, na mama mmoja aliyekuwa na kasi ya mkono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine mpaka leo.

Ilinichukua muda kuelewa jambo moja. Kijiwe si kampuni. Kila mtu ana kisu chake, ana wateja wake, analipwa kwa mche. Anayekufundisha kazi anaongeza mtu wa kugawana naye wateja walewale, tena anatumia muda ambao angefunga miche thelathini. Kwa hiyo hakuna anayedaiwa na mtu kumfundisha. Ukiingia na akili ya chuoni, kwamba mwalimu yupo na kazi yake ni kukuhudumia, utawaona wachoyo wote.

Lakini wale watu walikuwa wanasaidiana sana. Ikija kazi ya miche elfu tano hakuna anayeimaliza peke yake, anaita wenzake. Wanaambiana mti gani una vikonyo vizuri msimu huu, na mwenye kitalu yupi analipa kwa kuzungusha. Mmoja akiugua, wateja wake wanahudumiwa na akipona anarudishiwa. Faida ya kijiwe iko hapo. Sasa mgeni anaingiaje humo?

Mimi niliingia vibaya. Siku ya kwanza niliwaambia nina diploma. Siku ya pili nikamuuliza mzee wa pale, mtu mzima wa miaka kama sitini, "Mzee, kubebesha kunafanyikaje hasa?" Alikuwa na kisu mkononi. Akanitazama, akasema, "Kunafanyika kwa kisu," akaendelea na kazi. Wenzake wakaangua kicheko. Nilikasirika siku nzima. Leo naona alinijibu sawasawa na nilivyouliza.

Kosa kubwa likaja wiki ya tatu. Bei ya kijiwe ilikuwa sh. 200 kwa mche. Mwenye kitalu mmoja akanifuata pembeni akasema ana miche 400, nikimfanyia kwa sh. 120 kazi ni yangu. Nikakubali, akanipa nusu, sh. 24,000. Sikumwambia mtu.

Vikonyo nilivikata mchana wa jua kali kwenye mti wa jirani yake. Nikavitia kwenye mfuko wa nailoni mkavu, nikapanda boda, vikalala kwangu, kesho yake nikabebesha. Mikono yangu ilikuwa mizuri, mpasuo umekaa, nailoni imekaza, kwa macho huwezi kutofautisha na kazi ya mzee. Baada ya mwezi mmoja nilihesabu mche kwa mche. Miche 54 ilikuwa hai. Miche 346, kikonyo kimekauka.

Mwenye kitalu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye ndoo, akapiga hesabu kwa kijiti chini. Kila mche wa kienyeji aliuthamini sh. 500, jumla sh. 173,000, na alikuwa ameshachukua fedha za watu wanaotaka miche mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza. Akanipa wiki mbili, baada ya hapo tukutane kwa mtendaji wa kijiji. Mimi mfukoni nilikuwa na sh. 9,000.

Usiku ule niliwaza kurudi Singida, sitawadanganya. Asubuhi nikafanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Nilibeba miche kumi kwenye karai, sita iliyokufa na minne iliyo hai, nikaenda kijiweni. Nikangoja mpaka saa nne, wakati wa chai, visu viko chini. Nikaweka karai katikati nikaeleza yote: tarehe, saa niliyokata vikonyo, jua, nailoni, usiku uliopita katikati, na bei. Kwenye bei nilitaka kuruka. Nikaisema.

Kimya kilikaa kidogo. Yule mama ndiye aliyeuchukua mche mmoja, akafungua nailoni kwa kucha, akabana jicho la kikonyo kwa vidole. "Hiki kilikuwa na ua," akasema. Mti niliokata ulikuwa unajiandaa kutoa maua. Macho yale manene niliyoyaona mazuri mengi yalikuwa ya maua, hayatoi tawi. Mzee akapasua mwingine penye maungio, akanionyesha: upande wa mche bado kijani, upande wa kikonyo mweusi. "Kilikufa kabla hujakifunga. Ulibebesha kuni."

Kisha akasema neno ambalo mimi mwenye diploma sikuwa nimelifikiria kwa sababu ya hofu. Mashina ya kienyeji hayajafa. Yatachipua chini ya maungio. Yanyweshwe, yasikatwe majani ya chini, na shina likiwa bado na nguvu na unene wa penseli linakatwa chini ya pale palipoharibika, linabebeshwa upya. Mwenye kitalu hajapoteza mashina, amepoteza muda. Mzee mwenyewe akaenda kuzungumza naye, kwa Kinyakyusa, jioni hiyohiyo. Deni la sh. 173,000 likageuka kuwa kazi ya kurudia bure.

Jumapili moja walikuja watatu, tukairudia miche yote. Masharti yalikuwa mawili. Nisishuke tena chini ya bei ya kijiwe bila kuwaambia, na nibebe vikonyo vyao kwa mwezi mzima. Nilibeba. Na kwenye kubeba ndiko nilikojifunza: vinakatwa asubuhi mapema, kwenye tawi lililokomaa lenye macho yaliyovimba ambayo hayajafunguka, majani yanakatwa palepale na kubakizwa vikonyo vya majani vifupi, vinafungwa kwenye gazeti bichi, vinakaa kivulini na kutumika siku hiyohiyo. Hakuna aliyenikalisha kunifundisha. Nilikuwa nimebeba tu, nikaona.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nikuambie ninavyoona mimi.

Tafuta kwanza unachoweza kuwapa. Usiseme huna kitu. Mimi nilikuwa nimesoma, na pale kijiweni lebo za dawa zilikuwa kwa Kiingereza. Siku moja niliwaona wakipima dawa ya ukungu kwa kizibo cha soda. Nikaomba kopo, nikasoma, nikapiga hesabu ya bomba la lita 16, nikakata alama kwenye chupa ndogo ili wasihitaji kuhesabu tena. Kuanzia siku hiyo nilikuwa msoma lebo wa kijiwe. Baadaye nikaanzisha daftari: nani kabebesha mingapi, lini, vikonyo vya mti upi, mingapi imeshika. Walinitania kwamba nimekuwa karani. Msimu ulipoisha daftari likaonyesha kwamba miche ya vikonyo vya siku hiyohiyo ilishika karibu tisa kwa kila kumi, na ya vikonyo vilivyolala ilikuwa sita. Wazee walikuwa wanajua, ila sasa walikuwa na kitu cha kumwonyesha mwenye kitalu anayewalazimisha kutumia vikonyo vya jana. Diploma niliyoitangaza siku ya kwanza ilianza kuheshimiwa siku niliyoitumia.

Swali lako liwe dogo na liwe na ushahidi. "Miche yangu inakufa, nifanyeje?" halijibiki, hata mimi ofisini huwa nashindwa kulijibu. Sema mche una umri gani, ulibebesha lini, hali ya hewa ilikuwaje, umeshajaribu nini. Bora zaidi beba mche wenyewe. Na uangalie saa. Mtu anayelipwa kwa mche, ukimuuliza akiwa na kisu, unachukua hela yake mfukoni.

Halafu rudisha majibu. Hili vijana wengi hawalifanyi, na mimi linaniuma hata kwenye kazi yangu ya sasa. Mtu anakuelekeza, unafanya, inafanikiwa, unanyamaza. Rudi umwambie, "Mzee, nilifanya ulivyosema, kati ya hamsini imeshika arobaini na tatu." Hata kama imeshindikana, rudi useme imeshindikana. Ukimrudishia matokeo, na yeye anapata elimu, na kesho atakuita bila wewe kuuliza.

Mteja uliyemfahamu kwa sababu mwenzako alikuita kusaidia ni wa mwenzako. Usimpe namba yako ya simu nyuma ya mgongo. Akikutafuta mwenyewe, mpeleke kwa aliyekuita. Unaweza kuona unapoteza, lakini sisi tulikuwa na kijana mmoja mzuri wa mikono aliyekuwa akiacha namba kila kitalu, na ndani ya msimu mmoja hakuna aliyemwita tena kwenye kazi kubwa. Kazi ndogo ndogo alizipata. Kazi za elfu tano hakuziona.

Kuhusu bei nimeshasema la kwangu. Naongeza tu kwamba ukiwa mgeni huna haja ya kujishusha ili upate. Omba kazi ya kufunga nailoni au kujaza viriba chini ya mtu anayejulikana, ulipwe kidogo kwa kazi ndogo. Hiyo ni tofauti na kufanya kazi kamili kwa bei ya kuua wenzako.

Si kila kinachosemwa kijiweni ni kweli. Palikuwa na mtu mmoja mwenye jibu la kila swali, na nilimsikiliza miezi miwili kabla sijagundua kwamba hana wateja. Angalia wenye vitalu wanarudi kwa nani msimu hadi msimu, huyo ndiye wa kumsikiliza, hata kama haongei. Na mtu akikuambia toa kitu kidogo akuunganishe na kazi ya shamba kubwa, ondoka. Mimi nilitoa sh. 30,000, fedha niliyotumiwa na dada yangu. Shamba sijaliona mpaka leo, wala huyo mtu. Kazi halali inakulipa, haianzi kwa kukudai.

Nilipoajiriwa kuwa afisa ugani niliacha kisu, maana muda wa kazi wa serikali si wa kibarua changu. Lakini nikipita Tukuyu nasimama pale nyuma ya banda la chai. Mzee macho yamechoka, siku hizi anakata vikonyo tu na wengine wanafunga. Daftari bado lipo, anaandika binti wa yule mama.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimwambia achukue miche sita iliyomfia, aende nayo saa ya chai, aeleze bila kuficha. Jumamosi akanipigia. Walimwangalia mche wa kwanza tu wakajua: alikuwa anafunga nailoni kuanzia juu kushuka chini, hivyo kila mzunguko ulikuwa mfuko wa kuingizia maji kwenye maungio. Wakamwonyesha aanzie chini kupanda juu, mzunguko wa juu ulalie wa chini kama bati linavyopangwa, maji yateleze nje.

Alhamisi hii wamemwita kwenye kitalu cha miche elfu mbili. Kazi aliyopewa ni kubeba vikonyo. Ameniuliza kama aende na kisu chake, nikamwambia abebe, ila kikae mfukoni mpaka aambiwe akitoe.