Kabla hujafunga matairi makubwa kwenye gari lako la zamani



Kila mwaka Oktoba inapokaribia na korosho kuanza kudondoka, napata maswali ya aina mbili. Ya kwanza ni ya shamba, na hayo nimeyazoea. Ya pili ni ya gari. Mtu ana Land Rover 109 au Land Cruiser pikapu ya miaka mingi, kainunua kwa fedha ya misimu miwili mitatu, naye ananiuliza: "Bwana shamba, nikilifunga matairi makubwa, si litapita popote?"

Utasema bwana shamba anahusika vipi na matairi. Anahusika, kwa sababu zao halijakamilika mpaka lifike ghala la AMCOS likiwa kavu. Korosho ulizozipalilia, ukazipulizia salfa na kuzianika vizuri zinaweza kulowa usiku mmoja gari likikwama njiani, na ukishalowesha umeshusha daraja mwenyewe. Tena gari hilo hilo ndilo linalompeleka mgonjwa Mkomaindo au Ndanda usiku wa manane. Kwa hiyo leo tuzungumze matairi.

Tamaa ya tairi kubwa inatoka wapi

Sisi wa Chiwata tuko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Huko juu udongo mwingi ni wa kichanga, maji ya mvua huzama upesi, na kiangazi njia hugeuka mchanga unaomeza gurudumu. Kwenye miteremko ni hadithi nyingine: mvua inachimba makorongo, malori yanaongeza mifereji, na tumbo la gari linakwaruza katikati ya njia. Mtu aliyekwama mara tatu kwa wiki moja akiona picha ya gari lililoinuliwa juu ya matairi mapana, lazima moyo umdunde. Simlaumu.

Lakini tulipime jambo hili kwa utepe, tusilipime kwa macho.

Jinsi ya kulijua tairi

Tairi la kawaida la magari haya limeandikwa 7.50-16 au 7.50R16. Kimo chake, kutoka chini hadi juu, ni karibu sentimita 80. Matairi mapya mengi yameandikwa kwa namna nyingine, kwa mfano 315/75R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni ringi kwa inchi. Asilimia 75 ya 315 ni 236. Zidisha kwa mbili, kwa kuwa kuna ubavu wa juu na wa chini, upate 472. Jumlisha ringi ya inchi 16, ambayo ni milimita 406, unapata 878. Yaani karibu sentimita 88.

Ukifanya hesabu hiyo hiyo, 265/75R16 ni sentimita 80, sawa na tairi la zamani ila pana zaidi. Na 285/75R16 ni sentimita 83.

Sasa angalia. Ukitoka kwenye 80 kwenda 88 umeongeza sentimita 8. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo ekseli na difu vinapanda sentimita 4 tu. Hizo ndizo unazozinunua. Nne ni kitu, sikatai. Swali ni unalipa nini kuzipata.

Tairi kubwa linachukua nini

Kwanza, nguvu. Tairi lililokua kwa sehemu moja ya kumi ni sawa na kuliongezea gari gia ndefu. Injini iliyokuwa ikipanda kwa gia ya pili sasa inataka ya kwanza, na klachi inaanza kunuka. Dawa yake ni kubadilisha meno ya difu: gari lenye difu ya 4.1 litahitaji karibu 4.5 ili lirudi pale lilipokuwa. Na ni lazima ubadilishe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa uwiano mmoja. Ukibadilisha moja, siku utakayoingiza fowili mbele na nyuma vitavutana mpaka kitu kivunjike.

Pili, breki. Hili ndilo linaloniogopesha. Breki inashika karibu na kitovu, tairi linagusa ardhi mbali. Ukiurefusha umbali huo, mguu ule ule kwenye pedali unaleta mshiko pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Gia nayo, ile unayoitegemea kushikilia gari mteremkoni, inapungua nguvu kwa kiasi hicho hicho. Magunia 10 ya korosho ya kilo 80 ni kilo 800, kabla hujawahesabu watu waliokaa juu yake. Wengi wanawaza kupanda. Wewe waza kushuka.

Tatu, usukani na bearingi. Tairi pana na zito linavuta tairodi, kingpini na boksi la usukani ambavyo vimeshachoka. Ringi ya tairi la 7.50 ni nyembamba mno kwa tairi la 315, kwa hiyo utanunua na ringi. Ringi ikitokeza nje, au ukiweka spesa ili tairi lisiguse springi, unazidisha mzigo kwenye bearingi.

Nne, nafasi. Tairi litagusa madigadi, springi na hozi za breki, na litagusa siku ambayo gari limebeba na umekata kona, si siku uliyolifunga likiwa tupu.

Tano, mshale wa mwendo unadanganya. Ukisoma 50, unakwenda 55.

Walivyofanya wahandisi

Mapema miaka ya 1960 huko Uingereza, kampuni iitwayo Roadless ilitengeneza Land Rover 109 ya kufanya kazi misituni. Iliifunga matairi ya aina ya trekta, yenye ringi ya inchi 28. Lakini haikuishia kwenye matairi. Iliweka ekseli pana zaidi na kuunda upya madigadi ya mbele. Hata hivyo gari hilo lilikuwa la misitu, halikuwa la kukimbia barabarani, na yalitengenezwa machache tu. Nalitaja ili uone kwamba wenye kiwanda na wahandisi walipotaka tairi kubwa, walibadilisha kila kitu kinachoshikana na tairi. Fundi anayekuahidi kumaliza kazi hiyo kwa saa tatu chini ya mwembe, muulize habari za difu na breki. Akicheka, ondoka.

Njomba na Land Cruiser yake

Kuna mfanyabiashara mmoja hapa kwetu, mimi humwita njomba. Ana pikapu ya Land Cruiser yenye springi za bapa mbele na nyuma. Aliniita nikamsindikize kununua matairi manne ya 315. Nikamwambia, njomba, fedha unayo leo na kesho, matairi hayakimbii. Tupime kwanza.

Tulilipakia magunia kama siku ya kwenda ghalani. Tukainua gurudumu moja la mbele kwa jeki mpaka springi ya upande huo ikakaza, kama lipo juu ya kisiki. Tukakata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na kupima kila mahali kwa utepe. Kulikuwa na nafasi ya tairi la sentimita 83 bila kukata bati. La 88 halikuwa na nafasi kabisa.

Kisha tukapanda juu kidogo, tukashuka nalo polepole likiwa limebeba. Breki zilivuta upande mmoja. Tulipofungua ngoma tukakuta silinda moja inavuja na viatu vya breki vimelowa mafuta. Tairodi moja ilicheza ukiitikisa kwa mkono. Mambo yote hayo yalikuwapo na matairi ya kawaida. Njomba alikaa kimya muda mrefu, maana fedha ile alikuwa ameiwekea jambo lililomfurahisha, na sasa ilikuwa inakwenda kwenye vitu ambavyo hakuna jirani atakayeviona.

Alirekebisha breki zote nne na usukani. Akanunua matairi mapya ya 7.50 yenye meno makubwa, pampu, na mbao mbili nene. Msimu huo alikwama mara moja, akajikwamua kwa mbao na kutoa upepo. Bado anayatazama matairi makubwa yakipita. Lakini wake zetu na watoto wetu wanapanda gari lake na linasimama anapotaka lisimame.

Anza na haya

Dawa ya kwanza ya mchanga ni upepo. Ukipunguza upepo, tairi linalala na kurefuka chini, linaelea badala ya kuchimba. Kama unatembea na 40 gari tupu, shusha hadi 25 kwenye mchanga mzito, nenda taratibu, usikate kona ghafla. Gari likibeba, usishuke sana, na tairi lenye tyubu usilishushe kupita hapo, kwa kuwa litateleza kwenye ringi na kung'oa nyonyo. Ukifika njia ngumu jaza tena, maana tairi legevu likikimbizwa linapata moto na kupasuka. Ndiyo maana pampu ina thamani kuliko sentimita 4.

Kwenye tope, tairi jembamba lina faida yake: linakata tope mpaka lipate ardhi ngumu, na linaingia vizuri kwenye mifereji ya malori. Tairi pana linapanda juu ya tope na kuteleza.

Ukinunua tairi la mtumba, tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini ubavu umepasuka nyufa ni la zamani, liache. Na kama ringi zako ni za vipande, usijaze upepo ukiwa umeinama juu yake. Ule mkanda ukiruka unaua.

Ukiamua kuongeza

Sikukatazi. Panda ngazi moja, kutoka 80 hadi 83, baada ya breki, usukani na bearingi kuwa salama. Gari likihitaji kuinuliwa, tumia springi na shokapu za kimo hicho. Usiweke vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele, ndiyo inayobeba usukani. Hakikisha hozi za breki zinatosha gurudumu likining'inia, na angalia pembe ya propela. Weka kizuizi ili usukani usikate mpaka tairi liguse springi. Spea liwe la kimo kile kile, kwa sababu gurudumu moja likitofautiana difu inateseka. Kisha iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, wasije wakakukana siku ya ajali.

Na mzigo usiongeze. Tairi kubwa halikuongezei chasisi wala ekseli. Magunia yaliyokuwa yakitosha jana, ndiyo yanayotosha leo.

Siku ya kupima, ukitaka mtu wa kukushikia utepe, nitafute ofisini asubuhi kabla sijatoka kwenda mashambani. Njoo na gari likiwa limebeba.