"Hao Si Walimu Wetu": Somo la Filamu ya Omar Mukhtar



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wangu, leo nataka tuzungumze kuhusu filamu. Najua wapo watakaoshangaa kumsikia mwalimu wa madrasa akiongea habari za sinema. Lakini watoto wetu wanaangalia. Ukiwazuia nyumbani wanaangalia kwa jirani, na siku hizi hawahitaji hata kwenda kwa jirani, simu inatosha. Basi ni bora tuangalie nao kitu cha maana, kisha tukae tuzungumze, kuliko kuwaacha wajifunze vita kutoka kwa watu wasiojua hata kutawadha.

Filamu yenyewe inaitwa Simba wa Jangwa, ya mwaka 1981, na inaeleza habari za Sheikh Omar Mukhtar wa Libya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, Mwarabu wa Halab huko Syria aliyehamia Marekani. Huyu ndiye aliyetengeneza pia ile filamu ya Ujumbe, iliyotoka mwaka 1976, ambayo familia nyingi za Kiislamu zinaiangalia kila Idi hadi watoto wameyakariri maneno. Aliyeigiza kama Sayyidna Hamza katika Ujumbe, Anthony Quinn, ndiye aliyeigiza kama Omar Mukhtar katika hii.

Filamu za vita zilizo nyingi hutuonyesha vita kwa jicho la askari aliyetoka mbali. Yeye ana jina, ana mama anayemwandikia barua, na Mwarabu ni kivuli tu kinachokimbia nyuma ya mchanga. Hapa mambo yamegeuzwa. Tunakaa ndani ya hema la wenyeji, tunawaona wakiswali, wakibishana, wakizika. Jeshi la Italia ndilo linalotokea upeoni na vifaru vyake.

Kinachonigusa mimi kwanza ni kazi ya mzee yule. Omar Mukhtar hakuwa jenerali. Alikuwa mwalimu wa Qur'ani. Alisoma miaka kadhaa huko Jaghbub, katika chuo cha tariqa ya Sanusiyya, kisha akawekwa kusimamia zawiya na kufundisha watoto. Waitaliano walipoivamia Libya mwezi Oktoba 1911 alikuwa na umri upatao miaka 50, umri ambao wengi wetu tunaanza kulalamika magoti. Akapanda farasi, na hakushuka kwa miaka ishirini.

Mwanzoni mwa filamu tunamwona amekaa na watoto na mbao zao, akiwafundisha aya za Suratur-Rahman zinazotaja mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka. Anawaeleza kwamba kila kitu kina mizani yake, na ikivurugika vitu huanguka. Nawaomba wanafunzi wangu waishike sehemu hiyo, maana filamu yote iliyobaki ni maelezo ya aya ile.

Tuseme kidogo historia, ili mtu asidhani ni hadithi ya kubuni. Mafashisti wa Mussolini walishika madaraka Italia mwaka 1922, na vita vya Barqa, yaani upande wa mashariki wa Libya, vikawa vikali zaidi. Mwaka 1930 akaletwa Jenerali Rodolfo Graziani. Aliona kwamba mujahidina wanalishwa na kufichwa na raia, basi akaamua kuwaondoa raia wenyewe. Watu wapatao 100,000, wengi wao wafugaji, walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika makambi ya jangwani kama El Agheila na Soluch. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa humo kwa njaa na maradhi ni 40,000 au zaidi. Kisha mwaka 1931 ikajengwa seng'enge ya miba yenye urefu wa kilomita 270 hivi kando ya mpaka wa Misri, ili msaada usipite.

Sheikh alikamatwa tarehe 11 Septemba 1931. Tarehe 15 akahukumiwa mjini Benghazi katika kesi iliyoanza na kwisha siku hiyo hiyo, na tarehe 16 akanyongwa katika kambi ya Soluch mbele ya maelfu ya watu wake walioletwa watazame. Alikuwa mzee aliyepita miaka 70.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Ipo sehemu ambapo mujahidina wamewazidi nguvu Waitaliano, na amebaki afisa mmoja kijana, yu hai mikononi mwao. Mmoja wa wapiganaji anataka amuue. Omar Mukhtar anakataza, kwa kuwa sisi hatuui mateka. Yule mpiganaji anasema wao wanatufanyia hivyo. Mzee anamjibu kwa maneno machache: hao si walimu wetu. Kisha anamrudisha kijana yule kwa wenzake.

Niliwaonyesha wanafunzi wakubwa wa madrasa filamu hii ukumbini. Tulipofika hapo nilisimamisha, nikauliza nani anakubaliana na Sheikh. Walionyoosha mikono walikuwa wachache. Kijana mmoja, mwanafunzi mzuri ambaye amehifadhi juzuu kadhaa, akasimama akasema: "Maalim, huyo mateka akirudi kwao atashika tena bunduki. Na mama zetu wamo kambini wanakufa na njaa. Huruma hiyo ni ya nini?"

Sikumkemea. Ni swali la haki, na anayelidharau hajawahi kupoteza mtu. Nilimjibu kwa yale ambayo dini yetu imetufundisha.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Baqara, ameruhusu tupigane na wanaotupiga, na katika aya hiyo hiyo akakataza kuvuka mpaka. Ruhusa na mpaka vimekuja pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine. Katika Suratul-Insan wamesifiwa watu wanaolisha chakula maskini, yatima na mateka, ingawa wenyewe wanakipenda chakula hicho. Baada ya Badr, masahaba waliusiwa kuwatendea wema mateka, na imepokewa kwamba wale waliojua kusoma na kuandika walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Hebu fikirini: adui wa jana amekaa anafundisha mtoto wa Kiislamu herufi.

Na Uhud je? Sayyidna Hamza (R.A.) aliuawa na mwili wake ukakatwakatwa. Mtume (S.A.W.) aliona mwili wa ami yake katika hali ile. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "walitufanyia hivyo", ni yeye siku ile. Lakini Suratun-Nahl inatufundisha kuwa ukilipiza usizidishe, na kwamba kusubiri ni bora zaidi, na Mtume akakataza kukatakata maiti. Akakataza kwa maadui hao hao.

Kijana wangu akanyamaza, kisha akauliza swali la pili, zuri kuliko la kwanza: "Na sisi Waislamu, tumelishika hilo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo penye uzito. Tuseme ukweli hata kama unatuuma.

Fedha za kutengeneza filamu hii zilitoka kwa serikali ya Muammar Gaddafi. Yeye alichukua utawala mwaka 1969 kwa kumpindua Mfalme Idris, wa ukoo ule ule wa Sanusi ambao Omar Mukhtar aliupigania. Gaddafi aliipenda sana picha ya Sheikh. Alipofika Roma mwezi Juni 2009 aliibandika kifuani, picha ya siku aliyokamatwa. Lakini mwezi Juni 1996, chini ya utawala wake, wafungwa wapatao 1,200 waliuawa katika gereza la Abu Salim mjini Tripoli. Aliyelipia filamu inayosema mateka hauawi, magereza yake yaliua wafungwa.

Mwaka 2011 Walibya wakamwasi. Nao wakabeba picha ya Omar Mukhtar mabarabarani. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo Gaddafi akakamatwa Sirte akiwa hai, ameshikwa mikononi, na hakufikishwa mbele ya kadhi. Ulimwengu mzima uliona kwenye video alivyofanyiwa kabla ya kufa. Simtetei. Dhuluma yake nimeitaja hapo juu. Nasema tu kwamba alikuwa mateka siku ile, na somo la mzee lilikuwa kwenye mabango yao, halikuwa mikononi mwao.

Na mwongozaji je? Moustapha Akkad alikuwa Amman, Jordan, tarehe 9 Novemba 2005, siku ambayo mahoteli matatu yalilipuliwa na watu waliojitoa mhanga. Watu wapatao 60 waliuawa, wengine walikuwa kwenye sherehe ya harusi. Binti yake Rima aliuawa, na yeye mwenyewe akafariki kwa majeraha siku mbili baadaye. Waliojitangaza kufanya hayo ni Al-Qaida wa Iraq, watu wanaodai kuupigania Uislamu. Mtu aliyewafundisha mamilioni habari za Hamza, Bilal na Omar Mukhtar aliuawa na watu waliosema wanatetea dini hiyo hiyo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nilipomweleza kijana haya nilimwambia: jibu la swali lako ni kwamba wengi hatukulishika, na ndiyo sababu tunalisoma.

Kuna mzazi aliyenijia baadaye akiwa na wasiwasi. Alisema, "Maalim, mimi naogopa. Vijana wakiona Waislamu wanauawa hivi, si watawachukia Wakristo?" Nilimshukuru, kwa sababu ni wajibu wake kuuliza. Nikamweleza habari za Graziani baada ya Libya. Mtu yule alipelekwa Ethiopia. Mwezi Februari 1937, baada ya kutupiwa mabomu ya mkono, wenyeji wa Addis Ababa waliuawa kwa maelfu katika siku tatu. Mwezi Mei mwaka huo huo mamia ya watawa na mashemasi wa monasteri ya Debre Libanos waliuawa kwa amri yake. Hao walikuwa Wakristo, tena wa kanisa la kale mno. Dhalimu hauulizi msikiti wala kanisa. Mwaka 1950 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo cha miaka 19, tena kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani na si kwa ajili ya Libya au Ethiopia, akatoka baada ya miezi michache. Na filamu hii ilipigwa marufuku Italia mwaka 1982, kwa kuwa eti inavunja heshima ya jeshi. Ilikuja kuonyeshwa kwenye televisheni ya huko mwaka 2009.

Sisi tuishio Burundi hatuhitaji kwenda Libya kuyaelewa haya. Wazazi wa wanafunzi wangu wanaikumbuka Oktoba 1993 na miaka iliyofuata. Sentensi iliyoteketeza nchi hii ni ile ile ya mpiganaji wa kwenye filamu: wao walitufanyia hivyo. Kila upande uliisema, na kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha. Wazee wetu wa Buyenzi wanaheshimiwa hadi leo kwa sababu wapo waliofunga milango na kuwaficha watu wa makabila yote mawili. Hawakuwa wamesoma vitabu vikubwa. Walikuwa wanajua nani ni mwalimu wao na nani si mwalimu wao.

Kwa wazazi watakaoiangalia filamu hii na watoto, ninayo machache ya kuusia. Ni ndefu, inakaribia saa tatu, basi igawanyeni mara mbili na msiikatize swala kwa ajili yake. Ina kambi za njaa, ina maiti, na mwisho wake ni kitanzi, kwa hiyo wadogo wasubiri. Waelezeni watoto kuwa walioigiza wengi ni wageni wanaosema Kiingereza, na kwamba filamu si kitabu cha historia. Na mnapofika kwenye sehemu ya mateka, simamisheni. Waulizeni wao wangefanya nini, na muwe na subira na majibu yao.

Mwisho wa filamu, Sheikh anaponyongwa, miwani yake inaanguka chini na mtoto mmoja anaiokota. Mtoto hakuokota bunduki, ameokota miwani aliyosomea mwalimu wake. Wanangu, hiyo ndiyo amana mliyoachiwa.

Ewe Mola, tupe nguvu ya kumkataa dhalimu, na utukinge tusiwe madhalimu siku tutakapopata nguvu. Uwarehemu waliokufa Barqa, Addis Ababa, Amman na hapa kwetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.